Plau la Marehemu Baba: Nianzie Wapi Kutafuta Vipuri?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina plau la kukokotwa na ng'ombe aliloniachia marehemu baba, lilitengenezwa UFI, kile kiwanda cha zana za kilimo pale Ubungo, Dar es Salaam. Ulimi unaokata udongo umelika umebaki nusu, na chuma cha ubavuni kinacheza. Msimu uliopita ilibidi niegemee mikono kwa nguvu zote ndipo liingie ardhini. Dukani niliomba ulimi wa inchi tisa nikapewa, lakini matundu hayakulingana. Jirani ananishauri niuze chuma chakavu, ninunue jipya. Shamba langu upande mmoja ni mbuga nyeusi, yaani udongo mzito unaonata, upande mwingine kichanga. Je, plau hili linafaa kufufuliwa? Na naweza kuliongezea nini?
Msomaji, Bariadi

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiliuze bado. Fungua kwanza vyuma vyote vya chini, ubaki na kile kiungo kilichofungwa kwenye boriti (ule mhimili mrefu wa plau), kinachobeba ulimi, bati la kugeuza udongo na chuma cha ubavuni. Kisugue kwa brashi ya waya, ukitazame juani. Kama hakina ufa wala hakijapinda, una plau. Kisha funga uzi kutoka pua ya boriti hadi nyuma uone kama boriti imenyooka. Hivyo viwili vikiwa vibovu, hapo jirani yako ana haki. Vingine vyote ni vya kubadilishwa, na vimeumbwa vibadilishwe. Robert Ransome wa Ipswich, Uingereza, alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya plau lenye vipuri vya kubadilishana mwaka 1808, mkulima afungue kilichoisha na kufunga kipya akiwa shambani kwake.

Kosa ni la hiyo "inchi tisa". Inchi ni upana wa mkato, hazisemi lolote kuhusu matundu. Viwanda viwili vinaweza kutoa ulimi wa upana uleule, kimoja kikatoboa huku na kingine kule. Kwa hiyo usiende dukani na jina wala namba. Nenda na ulimi wako wa zamani mkononi, hata kama umebaki kipande. Kama duka liko mbali, weka kipande cha boksi gumu la karatasi juu ya kile kiungo, lipigepige kwa nyundo ndogo hadi matundu yajichore, kisha ulikate. Pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, na uandike plau lako linalaza udongo upande gani. Ukishaufunga ulimi mpya, pitisha kidole pale unapokutana na bati. Pasiwe na ngazi wala upenyo, maana udongo wa mbuga utaganda hapohapo na ng'ombe watalipa.

Bolti nazo ni kipuri, wengi wanazidharau. Za plau zina kichwa kinachozama kikalingana na uso wa chuma, na shingo ya pembe nne ili zisizunguke unapokaza. Bolti ya kawaida yenye kichwa kilichotokeza inashika majani na inalika upesi. Nunua za akiba.

Ukikosa kabisa ulimi unaolingana, achana na wazo la kupanua matundu kwa moto wa kuchomelea. Mpelekee mhunzi ile sampuli ya boksi akutengenezee kwa chuma cha springi za lori. Bati laini la kawaida halifai, kwenye kichanga chako litakwisha mapema sana. Mwambie aunyooshe na kuutoboa kwanza, kisha makali yapashwe hadi yawe mekundu, yazimwe kwenye oili, halafu yarudishwe kwenye moto mdogo mpaka rangi ya bluu ianze kuonekana. Hatua hii ya mwisho ndiyo mafundi wenye haraka huiruka, na ulimi wao huvunjika kwenye jiwe la kwanza. Kama hapo kwenu hakuna mhunzi unayemwamini, ulizia ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo. CAMARTEC ya Arusha, kituo cha serikali cha teknolojia, nao kazi yao ni zana za kilimo.

Sasa kuhusu kuegemea mikono. Hilo halitokani na udhaifu wako wala wa ng'ombe. Ulimi mpya ncha yake inaelekea chini kidogo, na hiyo ndiyo inayolivuta plau ardhini lenyewe. Lisimamishe kwenye sakafu ya saruji, liguse kwa ncha ya ulimi na kisigino cha chuma cha ubavuni. Katikati panatakiwa upenyo mdogo, milimita tatu hadi tano. Wako umelika, kwa hiyo upenyo umekufa. Ndiyo sababu nasema ulimi na chuma cha ubavuni uvibadilishe pamoja. Ukibadilisha kimoja, kile kilicholika kitakipotosha kipya.

Bati la kugeuza udongo libakize kama halijatoboka. Ule ung'avu lililoupata kwa miaka ya kulima ni mali, hasa mbugani ambako udongo hunata. Mwaka 1837 John Deere, mhunzi wa Illinois, Marekani, alitumia chuma cha msumeno uliovunjika kutengeneza plau kwa sababu hiyohiyo: udongo mzito wa kule uliganda kwenye chuma chenye uso wa kukwaruza. Lipake grisi kila unapoliweka stoo. Kutu ya kiangazi kimoja itakusumbua wiki nzima mvua zikianza.

Nyongeza ya kwanza ningeweka gurudumu la mbele, kama plau lako halina, ili kina kisibadilikebadilike. Mnyororo nao uupime: ukiufupisha plau linapanda, ukiurefusha linazama.

Nyongeza ya pili ni kwa upande wa kichanga. Kuna chombo kinachoitwa Magoye, kimepewa jina la mahali kilikotoka, Zambia. Unafungua vyuma vyote vya chini vya plau, unakifunga kwenye boriti ileile. Hakigeuzi udongo, kinapasua mstari mmoja wa kupandia, na udongo uliobaki unakaa na mabua yake. Ng'ombe wanavuta bila kuchoka sana, na unaweza kuanza kabla mvua hazijashika. Boriti na mikono ni ileile ya baba yako. Kabla ya kukinunua, chukua kipimo cha unene wa boriti na matundu yake, kwa boksi vilevile.