Kitanda Kibaki Kolwezi: Barua kwa Mwanangu

Ruashi, Lubumbashi

Mama yangu, wewe unayebeba jina la mama yangu mzazi,

Nimepokea barua yako, na nyumba nzima imefurahi kwamba umekubaliwa katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kwamba utaishi katika homu, yaani mabweni ya wanafunzi, huko Kasapa kwenye eneo la chuo, badala ya kupanda taksibasi mbili kila asubuhi kutoka kwetu huku Ruashi. Unaniuliza jambo moja. Jirani yako wa Kolwezi mwenye pikapu yuko tayari kukuletea kila kitu ulichojinunulia katika miaka ya kazi, yaani kitanda, godoro, meza, kabati, friji ndogo, resho (jiko dogo la umeme), vyombo na vitabu, mradi umlipie mafuta tu. Je, ukubali, au uviuze na upande basi? Jibu langu ni kwamba umshukuru jirani kwa heshima zote na upande basi. Nakujibu kama baba, lakini pia kama mtu aliyepokea na kusafirisha mizigo ya watu kwenye reli mpaka siku ya kustaafu.

Kwanza tulitazame hilo neno lake, mafuta tu. Kutoka Kolwezi hadi hapa ni kilomita 300 hivi, na pikapu yake haitabaki Lubumbashi, kwa hiyo utalipia kilomita 600, nusu yake gari likiwa tupu. Ongeza ushuru wa barabara, chakula cha dereva, na chochote kitakachoombwa njiani na yeyote atakayeona kabati juu ya gari na kuamua kwamba wewe ni mfanyabiashara. Tena huu ni mwezi wa kumi. Mvua zikianza mapema zitaikuta friji na godoro lako katikati ya njia, nyuma ya malori ya shaba, chini ya turubai la kuazima.

Sababu kubwa zaidi ni kwamba hujakiona chumba. Umeandika kwamba umepewa nafasi, lakini hukuandika namba ya chumba, wala ghorofa, wala idadi ya mtakaolala humo. Chumba cha homu hukaliwa na watu kadhaa, na mara nyingi wanaolala ni wengi kuliko walioandikishwa, kwa sababu mwenye kitanda hakosi rafiki au binamu aliyekosa nafasi, yule anayeitwa makizari, ambaye hutandika chini usiku na kukunja mkeka alfajiri. Utakapofika na kabati la milango miwili kutakuwa na mambo mawili tu: ama kabati lisipite mlangoni, ama lipite na kumnyima mwenzako mahali pa kuweka miguu, na hapo utakuwa umeanza mwaka kwa ugomvi na mtu ambaye mtaishi pamoja mpaka mitihani. Kitanda ni hivyo hivyo. Kama chumba kina vitanda vya chuma, chako hakina kazi. Kama hakina, fundi wa hapa atakutengenezea kinacholingana na nafasi utakayoachiwa na wenzako. Kwa hiyo uza kitanda, meza na kabati kwa mpangaji atakayeingia nyumba hiyo baada yako, kabla hujahama, maana ukishafunga virago kila mnunuzi atajua kwamba una haraka na atakupangia bei yeye.

Wewe unaogopa kwamba hapa utanunua kila kitu kwa bei ya juu. Fikiri kidogo sufuria hizo za soko la Kolwezi zilifikaje huko. Bidhaa nyingi tunazotumia hupita mpaka wa Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kutoka hapa, zikaingia Lubumbashi, ndipo zikapakiwa tena kwenda Likasi na Kolwezi. Ndoo, sufuria, beseni, bidoni (madumu ya maji) na hata unga mwingi wa mahindi vimefuata njia hiyo, na wewe unataka kulipa ili vifanye safari kwa mara ya tatu. Nenda soko la mtaa wetu wa Kenya hapa mjini, au la Njanja, pamoja na dada yako mkubwa, ambaye wauzaji wanamjua na hawamdanganyi, mtapata vyote asubuhi moja. Bidoni hasa usilete hata moja: ikiwa tupu inachukua nafasi sawa na iliyojaa, na kondakta hutoza nafasi. Hapa utahitaji mbili za lita 20, kwa sababu maji hukatika, lakini kumbuka kwamba kila moja ikijaa ina uzito wa kilo 20, na ukipewa ghorofa ya tatu utatamani ungenunua za lita 10.

Basi ulete nini? Leta vile ambavyo soko haliviuzi, na vile ambavyo mikono yako inakubali kuvibeba kwenye ngazi bila kumwomba mtu. Nitakueleza kwa urefu jinsi ya kuvifunga, kwa maana hapo ndipo nilipoona watu wengi wakilia.

Lile sanduku lako la bati ulilotumia bwenini ulipokuwa sekondari bado ni zuri, na katika homu litakuwa kabati, kiti na kasha la akiba kwa pamoja. Ukililaza chini ya kitanda hakuna atakayelalamika. Lifunge kwa kufuli la shaba lenye funguo mbili, ufunguo mmoja ukae shingoni mwako na mwingine uniletee mimi, wala usiuweke wa pili ndani ya sanduku lenyewe, kama nilivyowaona abiria wasiohesabika wakifanya. Vitabu visiende vyote humo. Karatasi ni nzito kuliko watu wanavyodhani, na sanduku lililojaa vitabu hukatika mshikio, kisha mpakizi hulisukuma kwa mguu. Panga safu moja ya vitabu chini kabisa, vikiwa vimelala, na vilivyobaki uvigawe katika vifurushi vidogo ambavyo unaweza kukiinua kimoja kwa mkono mmoja. Maboksi ya katoni usiyaamini katika majira haya. Yakilowa chini hufunguka, na utaiona kamusi yako ikielea kituoni. Tumia mifuko ya nailoni yenye zipu, ile ya mistari ya mraba, na ndani yake utangulize mfuko wa plastiki.

Sahani za udongo, kama huwezi kuachana nazo, zisimamishe wima kwa ukingo, kila moja ikiwa imevikwa nguo, usizilaze moja juu ya nyingine, kwa sababu sahani iliyolala hupokea uzito wote tumboni. Ndani ya sufuria usiache uwazi. Weka chumvi, kapenta (dagaa wakavu) na vijiko ndani ya nguo za ndani, kisha ufunge kifuniko kwa kamba. Ukileta mafuta ya mawese ambayo shangazi yako lazima atakupa, weka kipande cha plastiki juu ya mdomo wa chupa kabla ya kukaza kifuniko, na chupa hiyo isafiri katika ndoo peke yake, mbali kabisa na shuka. Blanketi zito usiliache ukidhani kwamba umehamia mji wa joto. Sasa ni joto kweli, lakini mwezi wa sita na wa saba baridi ya usiku hapa inakaribiana na ile ya Kolwezi, na vyumba vya sakafu ya saruji havina huruma. Livingirishe likaze, ndilo litakalozuia vitu vingine visigongane.

Andika jina lako na namba yangu ya simu kwenye kila mzigo mahali pawili: nje kwa kalamu isiyofutika, na ndani juu ya karatasi, kwa kuwa lebo ya nje ikichanika, mzigo huwa hauna mwenyewe. Hesabu vifurushi kwa sauti mbele ya mpakizi, dai tiketi ya kila kimoja, vipige picha kwa simu kabla havijaingia tumboni mwa basi. Gari likisimama Likasi shuka utazame upande wa mizigo, hata kama una njaa, maana hapo watu hushusha vyao, na haraka ya mtu mmoja hubeba mfuko wa mwingine unaofanana nao. Kwa sababu hiyo funga kitambaa chekundu kwenye kila mfuko wako.

Diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari, kadi ya mpiga kura, barua ya chuo, picha ndogo, kompyuta na fedha visiguse sehemu ya mizigo kamwe. Hivyo ni vya mapajani. Kabla ya safari fanya nakala za hati zote, seti moja uiache kwa mjomba wako, kwa sababu kupata nakala ya pili ya diploma katika nchi yetu ni safari nyingine kabisa.

Sasa niseme juu ya resho na friji. Friji iuze. Umeme wa homu hukatika kama wa mtaani, na friji inayozimwa na kuwashwa ovyo huharibu kwanza nyama, kisha yenyewe. Kuhusu resho, uliza kwanza kama homu yako inaruhusu, na hata ikiruhusu, fahamu hesabu yake. Resho la wati 1,500 kwenye umeme wa volti 220 huvuta karibu ampea 7. Mkiwasha mawili ni karibu 14, na mwenzenu wa tatu akichomeka pasi mmeshapita ampea 16 ambazo fyuzi ya soketi za kawaida huvumilia. Fyuzi ikikatika hiyo ni bahati. Balaa ni pale mtu mjuaji anapoiunga kwa uzi wa waya wowote ili umeme urudi, kwa sababu tangu saa hiyo hakuna kinachozuia waya za ukutani zisichemke. Ralonji, yaani waya za kurefusha umeme, zilizo nyembamba na za bei rahisi usizinunue kwa kupikia, hizo ni za simu na taa tu. Umeme ukikosekana mtapika kwa makala, yaani mkaa, kama sisi sote, lakini mbabula, jiko lake, ibaki nje au barazani. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi, na waliolala nayo hawaamki. Katika hili sikupi shauri, ninakukataza.

Limebaki godoro, ambalo najua unalipenda. Liache. Godoro la sponji lenye unene wa kukufaa litapatikana hapa, ila usilinunue kabla hujapima kitanda kwa futi, urefu na upana, na kuniandikia vipimo hivyo. La mtumba usilikubali hata kwa bure, kwa ajili ya kunguni. Siku utakayopewa ufunguo, kabla ya kuweka hata shuka moja, geuza kitanda, umulike kwa taa ya simu katika maungio ya vyuma na nyufa za mbao. Ukiona madoa meusi madogo kama ya wino, wamo. Mwaga maji yanayochemka kwenye maungio, kiache kitanda juani mchana kutwa, na mwombe mwenzako naye afanye hivyo, kwa kuwa kusafisha kitanda kimoja kati ya vinne ni kuwahamisha tu. Chandarua chenye dawa leta chako, pamoja na kamba nne na misumari michache, maana wengi hukumbuka chandarua na kusahau kitakachokining'iniza.

Panga safari hivi. Njoo na sanduku, mifuko miwili na ule wa mapajani, ufikie kwetu, usiende Kasapa siku hiyo hiyo usiku ukiwa umechoka. Asubuhi uende chuoni mikono mitupu, uchukue ufunguo, uwasalimu wenzako wa chumba na kuwauliza tayari wana nini, kwani vyumba vingi vina pasi tatu na havina hata ndoo moja. Upime, urudi, ndipo twende sokoni. Binamu yako ana ile pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, na ameniahidi kupeleka vyote kwa mara moja, siku ya kazi, mapema kabla ya jua kali, si Jumamosi ambapo kila mzazi wa Lubumbashi atakuwa langoni na godoro kichwani.

Niandikie ukishakata tiketi, unijulishe siku na saa ya kuondoka ili kaka yako akungoje kituoni, na unitajie fedha ulizopata kwa kitanda na friji, nijue tunaongeza kiasi gani. Mama yako anauliza kama ile sufuria yake kubwa bado iko kwako. Hiyo uilete.

Baba yako