Nilimeza vidonge huku naomba, na aliyeniponya ni Mungu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Juzi usiku nimepata meseji ya dada mmoja wa Makambako, anaumwa TB, yuko mwezi wa tatu wa dawa, na kwenye kikundi chao cha maombi wamemwambia kama kweli anaamini amepona basi aache vidonge, eti kuendelea kumeza ni kumwonyesha Mungu mashaka. Ananiuliza, dada nifanyeje? Nimesoma nikalia, maana meseji hiyo ningeweza kuiandika mimi mwaka 2019.

Mi nilikuwa nauza mchele Mwanjelwa, Mbeya. Kikohozi kilianza kama utani, nikasema ni baridi tu, si mnaijua Uyole mwezi wa sita, unaamka majani yana barafu. Nikanywa tangawizi, nikanunua dawa za kikohozi dukani, lakini usiku natoka jasho mpaka shuka linalowa na nje baridi ile ile. Nikatoka kilo 61 mpaka 47, sketi nafunga na pini. Nikapeleka makohozi, majibu yakaja kifua kikuu.

Dawa nilipewa bure, vidonge vitatu kila siku, kimoja kimebeba dawa nne ndani yake, hiyo ni miezi miwili ya mwanzo halafu inafuata minne ya dawa mbili. Siku ya kwanza mkojo ukatoka rangi ya chungwa, nikajua ni damu, nikampigia nesi nalia, akaniambia mama tulia, si damu, ni rangi ya dawa hiyo.

Sasa mwezi wa tatu nikawa naona nimepona. Kikohozi kimekata, nakula ugali mpaka narudia. Ndipo kwenye mkesha kiongozi mmoja akaniambia maneno yale yale aliyoambiwa dada wa Makambako, nikaacha dawa, tena nikasimama mbele nikatoa ushuhuda na watu wakapiga vigelegele. Wiki ya sita nikakohoa damu kwenye kitenge changu cheupe. Na wale waliopiga vigelegele hakuna hata mmoja aliyekuja kuniona jamani, nikasikia tu wanasema nina dhambi nimeificha. Nimesamehe lakini bado linaniuma, sitawadanganya.

Nikapimwa upya kuangalia kama ugonjwa umekuwa sugu, Mungu akasaidia haukuwa, nikaanza moja.

Safari hii mama alikuja kutoka Tukuyu. Kila siku saa kumi na moja alfajiri anaweka vidonge vitatu kwenye kisosi chenye maua ya bluu, ananishika bega, anaomba kwa Kinyakyusa maneno machache tu, hapazi sauti wala nini. Nikishameza anasema ndaga Kyala, yaani asante Mungu, halafu anakaa pembeni yangu kimya mpaka kichefuchefu kipite ndio anakwenda kubandika uji. Wapendwa, imani yangu niliipata pale kwenye kisosi. Nguvu za mwaka mzima sikuwahi kupewa, nilipewa za kumeza siku hiyo, kesho naomba tena.

Miezi iliyofuata sina la kusimulia, ni kumeza na kulala na kumeza.

Kwa hiyo wewe unayeumwa nisikilize. Omba na umeze. Mfalme Hezekia aliugua karibu na kufa, akalia mbele za Mungu, akaongezewa miaka 15, na nabii Isaya huyo huyo aliyeleta ujumbe ndiye aliyeagiza waandae mkate wa tini waubandike kwenye jipu! Nabii wa Mungu aliagiza dawa, sasa wewe nani amekwambia dawa ni kukosa imani? Na huku kwetu kanisa lenyewe linaendesha hospitali, Isoko kule Ileje ni ya Wamoraviani, Ilembula ni ya Walutheri, hao wote hawana imani? Mtu akikwambia acha dawa, hata kama anaomba mpaka ukuta unatetemeka, usimfuate. Tafuta mtu mmoja wa kukaa na wewe saa ya kumeza, mmoja anatosha, awe mama, awe jirani, usibaki peke yako na vidonge vyako. Omba, umeze, nasema tena.

Nilimaliza dozi, makohozi yakawa safi, leo nina kilo 64 na gunia la mchele nalisukuma mwenyewe.

Dada wa Makambako, kesho Jumatatu nenda kliniki na kadi yako. Kama umeruka siku waambie ukweli ni ngapi, usione aibu, mimi niliruka wiki sita na walinipokea. Saa kumi na moja alfajiri nitakuwa macho nakuombea kwa jina lako. Ukishameza niandikie.