Injini ya Turbini Ikigoma Kuwaka, Anza na Betri

Rubani akisema injini imegoma kuwaka, mafundi wengi wapya hukimbilia plagi. Mimi nakimbilia geji ya volti, na mara nyingi sihitaji kwenda mbali zaidi.

Katika turbini, plagi haina kazi ya kutwa kama kwenye injini ya pistoni. Stata inazungusha kompresa (feni za kubana hewa), hewa inaingia, cheche zinapigwa, mafuta yanafunguliwa. Moto ukishashika, unajiendeleza wenyewe na cheche huzimwa, labda rubani aziwashe tena akipita kwenye mvua kubwa au barafu. Ila moto kushika si mwisho wa kazi ya stata. Lazima iendelee kusaidia mpaka injini ifikie kasi ya kujibeba, na hapo ndipo betri dhaifu inapoumbuka.

Betri iliyotulia itakuonyesha volti 24 na ushei, ukaridhika bure. Mwambie mwenzako abonyeze stata, wewe kodolea macho mshale. Volti zitaporomoka ghafla, kwa kuwa stata inavuta mamia ya ampea, kisha zinapaswa kupanda kadiri kasi inavyopanda. Zikibaki chini na kasi ikatambaa, usifungue mafuta. Kwenye Cessna Caravan, kwa mfano, kompresa inatakiwa ifike angalau asilimia 12 ya kasi yake kamili kwanza. Ukimwaga mafuta penye hewa kiduchu, joto linaruka na mapanga ya turbini yanaungua. Au injini inawaka halafu inakwama katikati, haipandi wala haizimi. Kabla ya kuilaumu betri, kagua waya wa ati (unaounganisha betri na bodi ya ndege) na vichwa vya nyaya: kiungo kilicholegea au chenye kutu kinaleta dalili zilezile.

(Ndege kubwa nyingi hazina shida hii, maana stata yake huzungushwa kwa hewa ya kubana kutoka kwenye injini ndogo ya mkiani. Boeing 787 ndiyo imerudi kwenye umeme.)

Kasi ikiwa nzuri na bado hakuna moto, sasa sikiliza. Kisanduku cha ignisheni hujaza kapasita (kitunza chaji ya umeme) na kuimwaga kwenye plagi kwa mshindo, tak, tak, tak. Injini huwa na plagi mbili, na moja ikifa nyingine huficha ubovu kwa muda mrefu, hivyo zijaribu moja moja. Lakini kama mafuta yameshaingia bila kuwaka, usipige cheche kwanza. Funga mafuta, acha yachuruzike, kisha zungusha injini kavu huku ignisheni imezimwa.

Kisanduku hicho kiheshimu. Kinatoa maelfu ya volti, na nguvu iliyobaki kwenye kapasita inaweza kuua hata baada ya swichi kuzimwa. Zima umeme, chomoa kwanza waya unaoingiza umeme kwenye kisanduku, subiri dakika zilizoandikwa kwenye kitabu cha injini, ndipo uguse waya wa plagi, na ncha yake ya kati uigusishe kwenye bodi ya injini.

Stata nayo ina mipaka ya sekunde za kuzungusha na dakika za kupoa. Kama kuna mtambo wa umeme wa ardhini, uchomeke kabla ya jaribio la pili, usisubiri la nne.