"Thant, U." si jina, wadogo zangu

Jana nimesahihisha rasimu tatu za watafiti wapya wa dawati la Myanmar, na zote kwenye marejeleo zina "Thant, U." Jamani! Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa 1961 hadi 1971 aliitwa Thant, basi. Hiyo U ni ya heshima, asili yake mjomba, kama sisi tunavyosema Mzee fulani. Waburma, kabila kubwa la Myanmar, hawana jina la ukoo. Andika jina zima, upumzike. Na tukiwa hapo, mengine matano ya kuangalia kwenye rasimu zenu:

1. Tatmadaw au sit-tat? Yote mawili ni majina ya jeshi la Myanmar. Tangu jeshi hilo lifanye mapinduzi Februari 1, 2021, wapinzani wengi wanasema sit-tat, jeshi tu, maana ile "daw" ina harufu ya ufalme. Chagua ukijua unachagua nini.

2. Vita ya Myanmar haikuanza na Operesheni 1027, yale mashambulizi ya makundi matatu yenye silaha dhidi ya jeshi, ya Oktoba 2023. Wakaren, kabila la kusini-mashariki, walishika silaha 1949. Hesabu wenyewe.

3. Kuficha mhojiwa. Hapa nikae kidogo, maana nimeungua.

Mwaka wangu wa kwanza nilimhoji Mae Sot, mji wa Thailand mpakani, mwalimu wa CDM (harakati ya kugomea kazi kupinga mapinduzi) aliyekimbia mkoa wa Sagaing, Myanmar. Nikamwita Mhojiwa 4, nikafuta kijiji, nikajiona bingwa wa maadili. Halafu mbwembwe zikanipanda: nikaandika "mwalimu wa hesabu anayechechemea mguu wa kushoto, shule jirani na kivuko cha mto Chindwin". Nilitaka msomaji amwone. Akamwona kweli. Kwenye semina mtu akapiga picha slaidi, ikaingia Facebook. Jioni mwenzangu Mburma akaniuliza polepole, "Kaka, pale kivukoni wanaochechemea ni wangapi?"

Sikujibu. Mama wa mwalimu alikuwa bado kijijini, huko huko Sagaing ambako jeshi lilikuwa likichoma vijiji, na intaneti imekatwa, kwa hiyo hata kumtahadharisha haikuwezekana. Ilibidi nimwendee mwalimu mwenyewe nimwambie. Alinimiminia chai, akanyamaza mpaka ikapoa. Siku kumi na moja zikapita kabla hatujapata habari kwamba mama kahamia kwa dada yake. Mwalimu akanitumia ujumbe: "Mara nyingine sema mguu wa kulia." Nilicheka huku nalia.

4. Usivuke mpaka wa nchi ukiwa na rekodi za sauti kwenye simu yako. Zifiche kwa nywila, simu uisafishe.

5. Na wewe uliyeandika "Mhojiwa 7, muuza mohinga (supu ya tambi na samaki) mwenye meno mawili ya dhahabu, karibu na daraja": rasimu yako ninayo mimi, nimeifungia kabatini. Njoo na kalamu nyeusi.