Wanyama na Ndege wa Vuli: Maswali ya Wasomaji Wetu

Barua zilizotufikia Novemba hii zimetoka karibu zote katika vijiji vya Mombasa vilivyo nje ya kisiwa, ambako minazi na mihogo bado inapakana na vichaka, na zote zinaeleza yaliyoonekana tangu mvua za vuli zilipoanza. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu uhai wa mnyama unategemea jibu hilo.

SWALI: Assalaam aleikum, Bwana Mhariri. Tangu mvua ianze kunyesha, kando ya njia iendayo shambani kwetu pana rundo la kinyesi linaloongezeka kila usiku mahali pale pale, nalo limejaa vipande vigumu mfano wa pete pamoja na kokwa za matunda ya mkindu. Juzi usiku nilimmulika kwa tochi mnyama mwenye kimo cha mbwa, mwenye madoa meusi, na uso kama aliyefungwa kitambaa cheusi machoni. Alisimamisha manyoya ya mgongoni, kisha akatokomea kichakani. Majirani wanasema ni mtoto wa chui. Kuku wetu watatu wamepotea, na shemeji yangu amekusudia kutega nyama yenye sumu. Je, huyu ni mnyama gani?
Mama wa watoto wanne, Mwakirunge

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Huyo si chui wala mtoto wa chui. Ni fungo, ambaye huitwa pia paka wa zabadi kwa ajili ya mafuta mazito yenye harufu kali yatokayo katika tezi zilizo chini ya mkia wake, ambayo kwa karne nyingi watu wameyatia katika manukato. Fungo aliyekomaa huwa na uzito wa kati ya kilo 7 na 20. Kile kitambaa cheusi ulichokiona machoni, pamoja na manyoya ya mgongoni yanayosimama anaposhtuka, ni alama ambazo chui hana.

Hata kama usingemwona mwenyewe, lile rundo lingetosha kumtambulisha. Fungo ana desturi ya kurudi mahali pamoja kujisaidia, na zile pete ulizoziona ni mabaki ya magamba ya jongoo. Jongoo hutoa majimaji yanayowasha na kuacha doa kwenye ngozi, na kwa hiyo wanyama wengi hawamtaki. Fungo ni miongoni mwa wachache wanaomla bila kusita. Wakati wa ukavu jongoo hujificha ardhini na chini ya magogo, na mvua za vuli zinapoulowesha udongo hutoka kwa wingi, wakaonekana mpaka vibarazani mwetu. Ninavyoona mimi, mnyama huyu amevutwa na jongoo na matunda ya mkindu kabla ya kuvutwa na banda lenu, na kila anapoacha kokwa njiani anasaidia mkindu mwingine kuota mbali na mama yake.

Sisemi kwamba fungo hagusi kuku. Akimkuta nje usiku atamla. Lakini kabla ya kumhukumu, shemeji yako aulizwe kama kuku hao walipotea mchana au usiku, na kama banda lilikuwa limefungwa. Kuku anayepotea mchana kwa kawaida amechukuliwa na mwewe au nguchiro. Anayetoweka usiku kutoka ndani ya banda lililofungwa, mimi ningemshuku kwanza kanu, ambaye ni mwembamba, hodari wa kupanda, na hupenya mwanya ambao kichwa cha fungo hakiwezi kuupita. Dawa ya wote hawa ni moja: kuku waingie bandani kabla ya magharibi, mianya izibwe kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, na mlango uwe na komeo.

Kuhusu sumu, namsihi shemeji yako asiitege. Nyama hiyo itamngojea yeyote atakayetangulia, awe mbwa wa jirani au kenge, na mzoga wake nao utamuua ndege atakayeudonoa. Watoto wanne wanapita njia hiyo hiyo. Zaidi ya hayo, wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na mwenye shida na mnyama anapaswa kuwaarifu maafisa wa KWS, yaani Shirika la Wanyamapori la Kenya.

SWALI: Bwana Mhariri, kila mvua inapokatika, kereng'ende hujaa juu ya uwanja wetu kwa maelfu, na juu yao huzunguka ndege wadogo mfano wa mwewe, wengi pamoja. Wanatoka wapi?
Mvuvi, Junda

JIBU: Ndugu mvuvi, wewe unayeijua bahari utalithamini jibu hili kuliko mtu mwingine. Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyewachunguza kereng'ende kwa miaka mingi katika visiwa vya Maldivi, alitoa hoja kwamba wadudu hao hutoka India, hupita visiwani humo kuanzia Oktoba, na kuvuka Bahari ya Hindi mpaka Afrika Mashariki kwa msaada wa pepo za juu, wakifuata mvua, kwa maana huzaa katika madimbwi yake.

Ndege hao yaelekea ni kozi wa Amur. Huzaa mashariki mwa Siberia na kaskazini mwa China, na baridi inapoanza kuua wadudu huko, hukusanyika kaskazini-mashariki mwa India, kisha huvuka bahari bila kutua na kupita kwetu Novemba na Desemba wakielekea kusini mwa Afrika. Uzito wa kozi huyo ni gramu 150 hivi. Mtazame dume anapogeuka: mwili ni wa kijivu cheusi, mapaja ni mekundu ya kutu, na chini ya bawa upande wa mbele ni peupe. Ukimwona mwenye michirizi mingi kifuani, anaweza kuwa kozi jike, au kozi mwingine atokaye Ulaya, ambaye naye hufuata mvua na kuwala kumbikumbi angani.

SWALI: Shikamoo, Mhariri. Jioni tunaona ndege wekundu wenye mkia mrefu wakienda kulala mikokoni. Babu ana mizinga miwili na anaogopa watawamaliza nyuki wake. Ni kweli?
Mwanafunzi, Jomvu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hao ni keremkerem wekundu, ambao huzaa kaskazini, katika nchi kama Ethiopia, na huja pwani yetu msimu huu. Ni kweli kwamba hula nyuki, lakini hula pia nzige, kumbikumbi na kereng'ende, na mzinga wenye afya una nyuki maelfu kwa maelfu. Mwambie babu asiwarushie mawe. Keremkerem hupenda kuwinda mahali peupe, akitokea kwenye tawi kavu au waya, kwa hiyo mizinga ikisogezwa chini ya miembe iliyofunga kivuli, nyuki watakuwa na nafasi nzuri zaidi ya kupita. Masika yatakapokaribia, ndege hao wataanza kurudi kwao.