Barua kwa mwanangu: umeniuliza Halloween ya zamani ilikuwaje

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona jana nikitoka kazini, nikaona hii siijibu kwa voisi, naandika. Umesema mtaani kwenu pipi za Halloween, ule usiku wa tarehe 31 Oktoba watoto wanavaa mavazi ya ajabu wanapita kuomba pipi, unanunua zinabaki mpaka Krismasi maana watoto hawapiti, na shule na kanisa wote wamekwambia umlete mtoto pakingi, watu wafungue buti za magari wagawe pipi hapo hapo, sasa unauliza umpeleke huko au umpitishe nyumba kwa nyumba kama nyinyi mlivyokuwa mnapita, na kama wenyeji wa hapa zamani ndo walifanya hivyo.

Nakwambia ninavyojua mimi, na mengi nimeyajua kwa wale wazee niliokuwa nawahudumia pale mji wa Anoka, maana tulipofika Marekani, hapa jimbo la Minnesota, sikuwa na mtu mwingine wa kunielezea hii nchi. Nawaogesha, nawavalisha, huku wanaongea, na ikifika Oktoba wakiona maboga tumeyapanga dirishani basi hapo hawanyamazi.

Kwanza ujue pipi zimekuja baadaye. Wazee waliokuwa watoto miaka ya 1920 walikuwa hawaombi kitu usiku ule, walikuwa wanafanya fujo, kama kaka zao waliowatangulia. Vijana wanatoka gizani wanapindua vyoo vya nje, wanapaka sabuni madirisha ya maduka, wanafungulia ng'ombe wa watu wanawaachia barabara kuu. Watu wa Anoka wakachoka, mwaka 1920 wakubwa wa mji na bwana mmoja George Green wakaona dawa sio polisi, hawa watoto tuwape shughuli yao, wakaandaa maandamano, watoto wamevaa mavazi ya ajabu wanapita barabarani, mwisho wanapewa bisi na karanga na pipi na moto mkubwa unawashwa. Ndo hayo hayo maandamano tuliyokuwa tunakupeleka ukiwa mdogo, unakaa mabegani kwa baba yako. Mwaka 1937 mtoto wa miaka 12, Harold Blair, akapelekwa mpaka Washington na karatasi ya kuomba Anoka itambuliwe kuwa makao makuu ya Halloween ya dunia nzima, na jina wanalo hadi leo. Kuna bibi mmoja alikuwa ananihadithia hiyo habari kila mwaka, na mimi namsikiliza kila mwaka, maana ni mji wake na ana haki ya kujivunia.

Vita ikaja, 1942 na 1943 hawakuandamana, na sukari ilikuwa ya mgao mpaka 1947. Baada ya hapo ndo nyumba kwa nyumba ikashika kweli, mitaa mipya inajengwa, watoto wamejaa kila nyumba, na wale niliowahudumia wakiwa na miaka themanini na kitu walikuwa ndo kina mama wa wakati huo. Walikuwa wanachemsha sukari wanafinyanga bisi ziwe madonge, wanaoka biskuti, wengine wanatoa tufaha au senti. Na msimu wenyewe ulikuwa na kazi, sio kama sasa. Matufaha yanachumwa yanawekwa chini ya nyumba yaliwe wakati wa theluji, majani yanakusanywa kando ya barabara yanachomwa, jioni mtaa mzima unanukia moshi na watoto wanaruka ruka pembeni. Siku hizi kuchoma majani miji mingi wamekataza, na ni sawa maana watu wenye pumu waliteseka, majani yanaingia mifuko ya karatasi yanachukuliwa. Na kuchuma tufaha unalipia kiingilio, unapanda trekta, unapiga picha. Sisemi ni vibaya, nyinyi mlifurahi sana kule, ila wale wazee nilipowaeleza kwamba tumelipa hela ili tukachume walinishangaa.

Sasa kilichoharibu. Mwaka 1974 kule Texas mtoto alikufa kwa sumu iliyokuwa kwenye pipi ya Halloween, nchi nzima ikatetemeka, kumbe aliyeiweka ni baba yake mzazi, anataka hela ya bima. Halafu 1982, mwezi mmoja tu kabla ya Halloween, watu saba wakafa eneo la Chicago kwa vidonge vya maumivu vya Tylenol vilivyotiwa sumu dukani, wala haikuwa pipi, lakini hofu ikahamia kwenye pipi. Ikawa mwisho wa madonge ya bisi na biskuti za nyumbani, chochote hakina karatasi ya kiwandani kinatupwa, kuna mpaka hospitali zilikuwa zinapiga pipi eksirei. Yupo mtaalamu wa sosholojia anaitwa Joel Best amefuatilia habari za magazeti kuanzia mwaka 1958, na hajapata mtoto hata mmoja ambaye imethibitika ameuawa na pipi ya mtu baki asiyemjua. Kifo kilitoka kwa mzazi, na aliyeogopwa miaka yote hiyo ni jirani. Hili linaniuma mwanangu, nakwambia ukweli.

Kwa sababu wewe unakumbuka tulivyofika. Wenzetu wa kanisani walisema tusiwatoe, ni mambo ya shetani, na mi nawaelewa, wewe na mumeo mtaamua kwa imani yenu. Lakini huku mtu habishi hodi kwa jirani bila kupiga simu kwanza, mnaweza kukaa miaka mnapungiana mkono kwenye magari basi. Huo usiku mmoja ndo unaruhusiwa kugonga mlango wowote wenye taa na mwenye nyumba anafungua akiwa anacheka. Mimi majina ya watu wa mtaa wetu nimeyajua usiku huo, nimewashika nyinyi mkono. Yule mzee wa ng'ambo alitufungulia hivyo hivyo, akatuuliza tumetoka wapi, baridi ilivyoingia akaja mwenyewe na mashine yake kutuondolea theluji, na aliendelea hivyo mpaka alipohama.

Mengine yamebadilika bila mtu kukusudia. Huku msimu wa baridi ukija saa zinarudishwa nyuma saa moja, zamani ilikuwa mwisho wa Oktoba, tangu 2007 ni Novemba, kwahiyo tarehe 31 jua linazama kama saa kumi na mbili, zamani saa kumi na moja tu kiza, watoto wadogo sasa wanazunguka mchana kweupe. 2020 korona, watu wakateremsha pipi kwa mabomba ya plastiki wasikaribiane, na wengine tangu hapo hawajarudi mlangoni. Na mapambo yameongezeka ajabu, mifupa ya futi 12 mbele ya nyumba, mwenye nyumba yuko ndani taa ya barazani kazima.

Pakingi mpeleke, wala siikatai. Wanaokaa mashambani nyumba ziko mbali mbali inawasaidia, na mtoto wa kiti cha magurudumu hapandi ngazi za watu. Ila ikiisha usiende naye nyumbani kulala, mpitishe mtaani kwenu, hata kama ni nyumba chache zenye taa, na wiki hii kaongee na wale wawili wa pembeni uwaambie mtoto atapita, uone kama hawatafurahi. Watu wazima wengi wamekaa na pipi zao wanangoja kama wewe.

Mi nimeomba ofu tarehe 31. Nitakuja mapema nikae barazani kwenu nigawe nyinyi mkizunguka. Nguo yake nunua saizi kubwa ipite juu ya jaketi, mwaka 1991 huku ilianguka theluji siku hiyo hiyo ya Halloween, ilipokuja kukatika imefika zaidi ya sentimita 70, majirani wanaihadithia mpaka leo. Na uniambie, bado anataka kuwa zimamoto au kabadilisha tena? Nataka nimshonee mkanda.

Mama