Mama kukaa Kanada miaka miwili

Dada wa Jinja, umeuliza kama mama anaweza kukaa na kaka yako Toronto miaka miwili mfululizo. Viza ya kawaida ya matembezi kwa kawaida ni miezi 6 tu. Aombe Super Visa, viza ya Kanada kwa wazazi wa wanaoishi huko: tangu Julai 2022 mzazi hukaa hadi miaka 5 kila anapoingia.

Mzigo uko kwa kaka. Lazima awe raia au mkaazi wa kudumu, aandike mwaliko, aonyeshe kipato. Halafu bima ya afya ya angalau dola 100,000 za Kanada, ya mwaka mzima. Hapo ndipo watu huumia kwa gharama, hasa mzee akiwa na presha. Vipimo afanyiwe na daktari aliyeidhinishwa na Kanada, si zahanati yoyote ya Kampala. Wakala anayeahidi "viza ya uhakika", mkimbie.